Mgonjwa Anaporuhusiwa Kurudi Nyumbani

  

Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, na ndugu wasikilizaji mlioko majumbani, juma hili tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya siku ambayo hapana nyumba isiyopitiwa nayo: siku daktari anapomwambia mgonjwa wetu kwamba ameruhusiwa kurudi nyumbani.

Ada yetu hapa Babati ni njema mgonjwa anapokuwa wodini. Saa ya kutazama wagonjwa inapofika, watu hutoka Bagara, Nangara, Maisaka na Bonga, huyu na chupa ya uji, yule na matunda, mwingine na dua tu, nayo dua si kitu kidogo. Lakini mgonjwa akisharuhusiwa, twamshukuru Mungu, twampa mkono, kisha kila mtu hushika njia yake. Twadhani kazi imekwisha. Kumbe kazi iliyokuwa ikifanywa na wauguzi wengi kwa zamu, usiku na mchana, imehamishiwa kwa mtu mmoja, ambaye aghalabu ni mke, mama au binti wa nyumba ile. Naye hakufundishwa kazi hiyo, wala hakuulizwa kama ataiweza.

Lugha yetu imewatofautisha watu wawili. Yuko muuguzi, aliyesomea kazi na kupewa cheti. Na yuko anayemuuguza nduguye, ambaye cheti chake ni udugu peke yake. Wote wawili wanamtumikia mgonjwa mmoja. Iwapo wa kwanza hakumkabidhi wa pili kazi hii kwa maelezo yaliyo wazi, anayeumia ni mgonjwa.

Ndugu Waislamu, dini yetu imeitukuza kazi ya kuuguza tangu mwanzo. Katika mwaka wa pili wa Hijra, yaani mwaka 624, Waislamu walipotoka Madina kwenda Badr, Bibi Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa sana. Mumewe, Sayyidna Uthman bin Affan, aliamriwa na Mtume asiende vitani, abaki amuuguze mkewe. Bibi Ruqayya alifariki siku zile zile. Hata hivyo Mtume alimhesabu Uthman pamoja na watu wa Badr, akampa fungu lake katika ngawira kama waliopigana.

Tuyazingatie mambo matatu katika habari hii. La kwanza, kuuguza kumehesabiwa kuwa kazi kamili yenye ujira, wala si shughuli ya mtu aliyekosa la kufanya. La pili, aliyeuguza alikuwa mwanamume, tena mtu mwenye cheo na mali. Basi asiseme mtu kwamba kumlisha na kumgeuza mgonjwa ni kazi ya wanawake. La tatu, mgonjwa hakupona, lakini ujira wa aliyemuuguza haukupotea. Wako miongoni mwetu wanaojilaumu kwa sababu mgonjwa wao alifariki baada ya kurudi nyumbani. Aliyefanya wajibu wake kwa kadiri ya uwezo wake hana la kulaumiwa.

Sasa tuitazame hali ya mahali petu. Mkoa wa Manyara, ulioundwa mwaka 2002 na kufanya Babati kuwa makao yake makuu, ni mkoa mpana. Wako wagonjwa wanaolazwa hapa mjini, katika Hospitali ya Mrara au katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Wako wanaokwenda Dareda, au Haydom kule Mbulu, hospitali iliyoanza kazi mwaka 1955. Na wako wanaopelekwa mpaka KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Mgonjwa anayerudi kutoka Moshi akashushwa na basi katika stendi yetu, kisha akaendelea mpaka Galappo au Magugu, amemwacha daktari wake mbali sana. Kilichobaki ni karatasi ya kuruhusiwa, mfuko wa dawa, na kumbukumbu ya ndugu aliyesimama karibu na kitanda wakati daktari alipokuwa akieleza.

Na hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Mara nyingi maelezo hupewa mtu asiyehusika na kazi. Mwenye kulipa gharama, kaka au baba mdogo, ndiye anayeitwa dirishani na kukabidhiwa karatasi na dawa. Na mwanamke atakayempa mgonjwa dawa hizo saa kumi na moja alfajiri ameketi nje, akifunga vyombo. Karatasi yafika nyumbani, yawekwa juu ya kabati, na dawa zatolewa kwa kukisia. Kwa hiyo twausia jambo la kwanza: aelezwe yule atakayeifanya kazi. Jamaa wakubaliane mapema, mgonjwa angali wodini, ni nani atakayemuuguza na nani atampokea zamu. Na mgonjwa mwenyewe, akiwa na fahamu zake, aulizwe anamtaka nani. Watu hao waende hospitali kabla ya siku ya kuruhusiwa, wamwone muuguzi wa zamu, wajitambulishe.

Wakifika, yako mambo matano ya kuuliza. Ugonjwa huu unaitwaje, na umefikia wapi? Kila dawa ni ya kazi gani, hutolewa saa ngapi, kabla ya chakula au baada yake, na kwa siku ngapi. Na zile dawa za zamani zilizoko nyumbani, ziendelee au ziachwe? Mgonjwa ale nini, na ajizuie na nini? Dalili zipi zikionekana tumrudishe mara moja, bila kungojea tarehe ya kliniki? Na tarehe hiyo ni lini, na mahali gani? Kisha muuguzaji aombe ruhusa arudie kwa maneno yake mwenyewe yale aliyoelezwa. Na kama ni kufunga kidonda, kuchoma sindano au kumgeuza mgonjwa, afanye kwa mikono yake mbele ya muuguzi. Kuuliza mara ya pili si utovu wa adabu. Aibu ni kuondoka na jambo usilolijua, ukamdhuru mgonjwa kwa kuona haya.

Tutaje mifano michache ili jambo liwe wazi. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza huota vidonda mgongoni, nyongani na visiginoni, kwa sababu mwili ukilalia mahali pamoja kwa muda mrefu damu haipiti vizuri. Kinga yake ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, kutandika shuka kavu isiyo na mikunjo, na kumkagua ngozi kila siku. Alama nyekundu isiyofifia ni onyo la kwanza. Mahali hapo pasisuguliwe, bali mgonjwa aondolewe uzito upande huo. Wakati wa kumlisha akalishwe wima, apewe kijiko kidogo kidogo, na akae hivyo kiasi cha nusu saa baada ya kula. Akilishwa amelala, chakula chaweza kuingia katika njia ya pumzi na kumletea ugonjwa wa mapafu.

Mgonjwa wa kisukari anayechomwa sindano asichomwe akakosa chakula. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kupoteza mawazo, huenda sukari imeshuka. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe mara moja maji ya sukari. Akiwa hana fahamu, asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali. Na mgonjwa yeyote akipata homa, akashindwa kupumua vizuri, akachanganyikiwa ghafla, au kidonda chake kikatoa usaha na harufu mbaya, asingojewe mpaka kesho.

Kwamba jamaa wakifundishwa wanaweza, nchi yetu ina ushahidi wake. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na mtaalamu Karel Styblo akashiriki katika kuupanga. Siku zile mgonjwa wa kifua kikuu alilazwa miezi miwili ya mwanzo ili ameze dawa mbele ya muuguzi. Mafunzo ya mpango huo yalipokewa na Shirika la Afya Duniani, yakaenezwa katika nchi nyingi katika miaka ya 1990. Kisha, tangu mwaka 2006, kwa kuanzia katika wilaya chache, mgonjwa aliruhusiwa kuchagua kumeza dawa nyumbani mbele ya msimamizi aliyemteua mwenyewe, mara nyingi mtu wa jamaa yake. Kazi iliyohitaji kitanda cha hospitali ikakabidhiwa kwa mke, mume au jirani aliyefundishwa. Matibabu hayo kwa kawaida ni ya miezi 6, na hatari yake ni mgonjwa kujisikia vizuri katika mwezi wa pili akaacha. Anayemzuia asiache ni msimamizi wake.

Ndugu Waislamu, nyumba nayo huhitaji kutazamwa kabla mgonjwa hajafika. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliiangukia Katesh na vijiji vya jirani katika mkoa wetu huu. Watu wengi walifariki, na majeruhi walitibiwa katika hospitali za mkoa. Kati yao walikuwamo ambao nyumba zao zilikuwa zimechukuliwa na tope; basi kwao neno "rudi nyumbani" lilikuwa na uzito ambao kalamu ya daktari peke yake isingeweza kuubeba. Msiba ule watufundisha kuuliza mapema: mgonjwa atalala wapi? Choo kiko umbali gani, naye atumia magongo? Dirisha lafunguka? Maji yapo? Mambo haya yakielezwa hospitalini mapema, huenda siku ya kuruhusiwa ikasogezwa, au mgonjwa akaunganishwa na zahanati na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliye karibu naye.

Liko pia suala la ibada. Mgonjwa ameruhusiwa na dini kusali ameketi au amelala, kutayamamu iwapo maji yatamdhuru, na kutofunga Ramadhani kwa ajili ya maradhi. Basi jamaa wasimlazimishe kulowesha kidonda kilichofungwa, wala wasimsifu mtu anayeacha dawa zake ili afunge. Na anayeogeshwa asitiriwe, aogeshwe na mwenzi wake au mtu wa jinsia yake. Maradhi hayamwondolei mtu heshima yake. Tena dawa za miti shamba zisichanganywe na za hospitali kwa siri. Daktari aambiwe ukweli, kwani mchanganyiko mwingine hudhuru ini na figo.

Mwisho tumtazame muuguzaji mwenyewe. Ndugu huyu halali usingizi kamili, haendi shambani wakati mbaazi zikingoja kuvunwa, na biashara yake sokoni imefungwa. Akichoka, husahau dawa. Akisahau, hulaumiwa na wale wale wasiofika. Huyu naye ana haki juu yetu. Karne nyingi zilizopita, hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, iliendeshwa kwa mali ya wakfu, na hati ya wakfu huo iliagiza mgonjwa akipona apewe nguo za kuondokea. Wazee wale walitambua kwamba wema wa hospitali hauishii mlangoni.

Nasi hatuhitaji hazina ya sultani. Kila msikiti waweza kuwa na daftari la wagonjwa walioruhusiwa katika mtaa wake. Katika juma la kwanza baada ya mgonjwa kurudi, nyumba mbili zipike kwa zamu. Kijana mmoja achote maji. Mwenye gari au bajaji ajitolee siku ya kliniki. Mama mmoja, au mzee mmoja kama mgonjwa ni mwanamume, aketi na mgonjwa mchana ili muuguzaji alale saa mbili. Magongo na viti vya magurudumu ambavyo wenyewe wamekwisha pona viletwe msikitini viazimwe wengine. Na wanaokwenda kumtazama mgonjwa nyumbani wasikae sana, wasitoe habari za waliokufa kwa ugonjwa kama wake, wala wasitarajie kupikiwa na mtu asiyelala tangu jana.

Tukitoka hapa leo, kila mmoja wetu ajiulize: katika mtaa wangu, ni nani aliyerudishwa kutoka hospitali mwezi huu, na ni nani aliye naye usiku? Asiyelijua jibu aende akaulize kabla ya Magharibi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu na subira wanaowauguza, awabariki madaktari na wauguzi wetu, na awarehemu waliotutangulia. Amin.