Misimu Ikibadilika, Mazoezi Yasikatike

Kila Januari, watu wengi huonekana alfajiri wakitembea haraka au kukimbia katika mitaa ya Kitengela na mji wa Kajiado. Ardhi ni kavu, anga ni safi na mwaka ni mpya. Mvua za Machi zikianza, udongo mweusi hung'ang'ania viatu na idadi hupungua. Baridi ya Juni huwarudisha kitandani waliokuwa wamebaki. Januari inayofuata safari huanza tena pale pale ilipoanzia mwaka uliopita.

Kukatikakatika huku kuna gharama kwa afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Mazoezi hushusha presha na husaidia mwili kutumia sukari iliyo kwenye damu, lakini faida hiyo haiwekwi akibani. Nafuu ya zoezi moja hudumu kwa saa kadhaa hadi siku moja au mbili. Mtu akiacha kabisa, nguvu za moyo na mapafu huanza kupungua baada ya wiki mbili hadi nne. Anayesubiri mvua iishe hupoteza alichokijenga kwa miezi.

Kiasi kinachotakiwa

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani dakika 30 kwa siku tano. Zoezi la wastani ni lile ambalo mtu anaweza kuzungumza akilifanya, lakini hawezi kuimba. Mazoezi ya kuimarisha misuli yanatakiwa angalau siku mbili kwa wiki. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji dakika 60 kila siku.

Dakika hizo zinaweza kugawanywa. Mfanyakazi anayetoka Kitengela kwenda Nairobi kila siku anaweza kushuka kwenye matatu mapema kidogo, akatembea dakika 15 asubuhi na nyingine 15 jioni. Jembe shambani, kuteka maji na kutembea na mifugo pia ni mazoezi.

Saa ni ile ile, zoezi hubadilika

Katika nchi za mbali na ikweta, majira ya baridi hufupisha mchana kwa saa nyingi. Kajiado iko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza takriban kati ya saa 12:10 na saa 12:45 asubuhi. Mwanga haubadiliki sana. Kinachobadilika ni tope, vumbi, baridi na joto.

Kwa hiyo njia rahisi ni kuihifadhi saa ya mazoezi na kubadilisha zoezi lenyewe. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2010 uligundua kwamba jambo jipya huchukua wastani wa siku 66 kugeuka mazoea, na kwa wengine huchukua muda mrefu zaidi. Siku 66 ni miezi miwili na kidogo, karibu urefu wa msimu mmoja wa mvua. Anayeacha kila msimu unapogeuka huvunja mazoea yanapoanza kukomaa. Utafiti huo pia ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu.

Masika, Machi hadi Mei

Udongo mweusi huteleza na hufanya viatu kuwa vizito, jambo linaloweza kuumiza vifundo vya miguu na magoti. Wakati huu mazoezi ya ndani hufaa: kuruka kamba, kupanda na kushuka ngazi za ploti, kuchuchumaa na kuinuka, pushapu za kuegemea ukuta au sakafu. Mtungi wa lita 5 uliojaa maji una uzito wa kilo 5 na hutosha kuwa chuma cha kunyanyua.

Wanaotoka nje wachague barabara ya lami au ya changarawe, wakae mbali na magari na wavae nguo za rangi ya kung'aa. Mto uliofurika usivukwe hata kidogo. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mafuriko ya mwaka 2024 yaliwakumbusha wakazi wa Kitengela jinsi maji yanavyopanda haraka.

Baridi, Juni hadi Agosti

Baridi husinyaza mishipa ya damu, na presha huweza kupanda. Mazoezi yaanze polepole, dakika 5 hadi 10 za kupasha mwili joto ndani ya nyumba kabla ya kutoka. Nguo mbili au tatu nyepesi ni bora kuliko koti moja zito, kwa sababu zinaweza kuvuliwa moja moja mwili ukipata joto. Wenye pumu wabebe dawa yao ya kuvuta na wafunike pua na mdomo kwa kitambaa.

Mazoezi ya ndani yasifanywe kwenye chumba kilichofungwa chenye jiko la makaa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu na huua, na anayefanya mazoezi huivuta kwa wingi zaidi.

Vuli, Oktoba hadi Desemba

Kaunti hii haipati mvua kwa namna moja. Upande wa Ngong hupata mvua nyingi zaidi wakati wa masika, na Loitokitok wakati wa vuli. Kila mkazi apange kulingana na eneo lake. Vuli inapopungua, likizo ya Desemba ni nafasi ya kutembea pamoja kama familia kabla ya vyakula vya sikukuu.

Kiangazi, Januari hadi Machi

Joto na vumbi ndivyo vya kuangaliwa. Magadi, iliyo chini kwenye Bonde la Ufa, huwa na joto kali kuliko vilele vya Ngong vinavyozidi mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mazoezi yafanywe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na maji yanywewe kabla ya kiu kuuma. Kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa ni ishara ya kuacha mara moja na kutafuta kivuli na msaada.

Kwa wafugaji mambo ni kinyume. Kiangazi huwatembeza mbali kutafuta maji na malisho, na wanachohitaji ni maji ya kunywa na mapumziko. Nyasi zikiota karibu na boma, mwendo hupungua, na hapo ndipo wanapohitaji kujiongezea hatua.

Wanaokaa karibu na Mbuga ya Nairobi au maeneo mengine yenye wanyamapori wasitembee peke yao gizani. Wasubiri kupambazuke.

Mwenzi na tarehe

Ari ya mtu mmoja huisha haraka. Anayejua kwamba jirani anamsubiri langoni huamka hata kukiwa na baridi. Kundi la watu watatu au wanne wa mtaa, chama au kanisa linatosha. Tarehe ya kulenga pia husaidia. Tangu mwaka 2012, vijana wa manyatta za eneo la Amboseli wamekuwa wakijiandaa kwa Olimpiki ya Wamaasai huko Kimana, wakishindana kukimbia, kuruka juu na kurusha mkuki na rungu. Mtaa unaweza kujiwekea siku yake, hata kama ni matembezi ya kilomita 5.

Kanuni moja inafaa kushikwa misimu yote: siku mbili zisipite mfululizo bila mazoezi. Hii ni muhimu hasa kwa wenye kisukari. Siku ngumu, dakika 10 ni bora kuliko sifuri.

Kabla ya kuanza

Wenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, wajawazito na waliokaa muda mrefu bila mazoezi wazungumze kwanza na mhudumu wa afya. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wana vifaa vya kupima presha na sukari, na zahanati iliyo karibu pia hupima. Presha ya 140/90 au zaidi, ikionekana kwa siku tofauti, inahitaji matibabu. Anayepewa dawa aendelee kuzimeza hata mazoezi yakimpa nafuu, hadi daktari aseme vingine. Maumivu ya kifua wakati wa mazoezi yasisubiri kesho. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.