Je, Wajua? Reli iliyokufa huzaa njia ya baiskeli

Je, wajua kuwa njia ya baiskeli isiyo na magari inaweza kuzaliwa kutokana na reli iliyokufa? Magharibi mwa Ireland, reli ya Westport hadi Achill ilifungwa mwaka 1937. Leo sehemu kubwa ya tuta lake imebeba Great Western Greenway, iliyokamilika mwaka 2011: takriban kilomita 42 kando ya ghuba ya Clew na malisho ya kondoo. Kwa kuwa treni haziwezi milima mikali, miinuko yake ni ya taratibu, hata mtoto huimudu. Wapo watakaosema mkulima hupokonywa ardhi. Lakini hapa wenye mashamba walitoa ruhusa ya kupita tu, umiliki ukabaki wao. Njia kama hii, basi, hudai maelewano kabla ya fedha.