Siku ya Baba Kituoni Haipo

Kasongo, mji wa mkoa wa Maniema nchini Kongo, ina jina kubwa katika tiba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wakongo pamoja na madaktari wa Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijaribu huko mpango wa vituo vidogo vya afya karibu na wananchi, huku hospitali moja ya rufaa ikivisaidia. Utafiti wao kuhusu chanjo ya surua ulichapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet, na baadaye nchi nzima ikagawanywa katika zoni za afya.

Lakini tazama nani hukaa kwenye benchi la kituo. Mama mjamzito ana siku yake ya kliniki, mtoto ana siku ya kupimwa uzito na kuchanjwa. Baba hana siku. Hukutana na muuguzi homa inapomwangusha, au anapoletwa akiwa amebebwa. Lawama ya kuchelewa huko isiwekwe juu ya wanaume peke yao.

Busha hustawi katika pengo hilo. Mwenye nalo hulificha chini ya nguo pana miaka na miaka, na mtaani watasema ametupiwa kitu au amevunja mwiko. Ukweli ni kwamba mara nyingi chanzo ni minyoo ya matende, inayoletwa na mbu. Vijijini Afrika mbu huyo huwa ni anofelesi, yule yule wa malaria. Minyoo huharibu njia za maji mwilini, na maji hujaa polepole kuzunguka korodani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanaume milioni 25 duniani wana busha la namna hiyo. Vidonge vinavyogawiwa vijijini huzuia ugonjwa kuenea, ila busha lililokwisha kuwa kubwa halipungui kwa vidonge. Linahitaji upasuaji, nao si wa ajabu: hospitali ya zoni yenye mpasuaji aliyefundishwa inaweza kuufanya, mara nyingi kwa ganzi ya sehemu hiyo tu.

Si kila uvimbe ni busha. Ngiri ni utumbo unaojipenyeza kwenye nyama dhaifu ya kinena. Hutokeza mtu akikohoa au akinyanyua mzigo, na mara nyingi hurudi ndani akilala. Mchimbaji wa dhahabu wa Namoya au Salamabila, huko Kabambare, anayebeba magunia ya mawe kutwa, ana kila sababu ya kuijua. Dawa ya kuchua haiwezi kuziba tundu hilo.

Wazee nao wana lao: mkojo unaotoka kwa kukatika-katika na kuamka mara nyingi usiku. Kwa wengi ni tezi dume iliyokua tu kwa umri, lakini saratani yake huweza kuanza kimya, kwa hiyo kupimwa ndiyo njia ya kujua. Na ndoa ikikosa mtoto, mume naye apimwe. Katika karibu nusu ya ndoa za namna hiyo, tatizo la mwanamume limo.

Turudi kwenye ngiri: ikikaza, ikiuma na kukataa kurudi, kisha mgonjwa akaanza kutapika, asisubiri kesho wala mganga. Apakiwe kwenye pikipiki au tipoi siku hiyo hiyo, apelekwe hospitali inayopasua: utumbo uliobanwa huweza kuoza ndani ya saa chache.