Ngege wa Vizimba na Homoni: Je, Ni Salama?

Wagonjwa hapa Kisumu huniuliza iwapo ngege wanaofugwa katika vizimba ziwani wanaweza kumpunguzia mwanamume nguvu au kumwotesha mwanamke ndevu. Kwa hofu hiyo, wengine wameacha kula samaki.

Ni kweli homoni hutumika. Ngege jike huatamia mayai mdomoni, na wakati huo hali chakula, kwa hivyo hukua polepole. Ndiyo maana wafugaji hupendelea madume. Vifaranga wanapoanza tu kula, hupewa chakula kilichotiwa homoni ya kiume, methiltestosteroni, kwa wiki tatu hadi nne. Karibu wote hugeuka madume.

Hapo dawa hukomeshwa. Samaki hukaa miezi sita hivi kabla ya kufika sahanini, na kufikia wakati huo mwili wake umekwisha kuitoa homoni hiyo. Kondoo na ng'ombe wa Marekani ni tofauti: wao huwekewa homoni chini ya ngozi ya sikio wakinoneshwa kwa ajili ya kuchinjwa. Tangu 1989 Ulaya imekataa kununua nyama ya mifugo kama hiyo.

Anayepaswa kujihadhari zaidi ni mfanyakazi anayechanganya dawa. Avae glavu na kufunika pua na mdomo. Mama mjamzito asiiguse kamwe, kwani yaweza kumdhuru mtoto wa kike tumboni.

Wewe mlaji, usiogope. Chagua samaki mwenye macho maangavu na matamvua mekundu, kisha umpike aive vizuri.