Mvua Imenyesha, Mahindi Yananyauka: Kwa Nini?

Leo nitaanza na kitu ambacho si cha shambani, nacho ni pakiti ya maziwa ya karatasi. Nivumilieni kidogo, shambani tutafika sasa hivi.

Karatasi na maji havipatani, hilo mnalijua. Tia maji ndani ya bahasha, punde si punde imelowa na kupasuka. Mwaka 1915 bwana mmoja wa mji wa Toledo, jimbo la Ohio huko Marekani, jina lake John Van Wormer, alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa chupa ya karatasi ya kutilia maziwa. Siri yake ilikuwa nta. Karatasi ikikunjwa na kupakwa nta ya jamii ya ile ya mishumaa, vitundu vidogo vidogo vya karatasi huzibwa na maji hayapiti. Baadaye nta iliachwa, plastiki ikachukua nafasi yake, lakini maarifa ni yale yale: ngozi nyembamba kuliko ukucha yatosha kuzuia maji.

Sasa nakuuliza, ndugu msikilizaji: je, kama ngozi ya namna hiyo iko chini ya shamba lako?

Nawapeni kisa changu mwenyewe, na kosa lilikuwa langu. Nilikwenda kwa mama mmoja ambaye mahindi yake yalinyauka siku ya sita tu baada ya mvua kubwa. Nikayatazama majani, nikasema, "Mama, hapa ni upungufu wa mbolea." Mama wa watu akauza mbuzi, akanunua mbolea. Msimu uliofuata mambo yakawa yale yale. Akaniita: "Bwana shamba, mbolea nimetia, mvua imenyesha. Sasa unaniambia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba jembe, tukachimba katikati ya mahindi. Udongo wa juu ulikuwa laini, lakini tulipofika kama sentimita 15 jembe likagonga, ti! Kama vile tumefika sakafuni. Mizizi ilikuwa imeteremka mpaka pale, kisha ikapinda na kutambaa kando. Mama akainama, akatazama, akasema, "Kumbe maji yanaishia hapa!" Kosa ambalo mimi nilipaswa kuliona mwaka uliotangulia, yeye aliliona kwa dakika moja.

Tabaka hilo gumu latoka wapi? Twalitengeneza wenyewe. Plau ya kukokotwa na maksai ikilima kina kile kile kila mwaka, kitako chake husugua na kugandamiza udongo wa chini. Tena maksai mmoja hutembea ndani ya mfereji, kwato zake zinashindilia. Jembe la mkono nalo hufanya hivyo, ila tabaka lake huwa juu zaidi. Si kwamba tabaka hili linaziba kabisa kama nta. Hupitisha maji, lakini polepole mno. Mvua ya milimita 20 ikinyesha kwenye ekari moja ni lita 80,000 hivi, yaani mapipa 400 ya lita 200. Yasipopata njia ya kushuka hutiririka na udongo wako mpaka bondeni, na yaliyobaki juu hukaushwa na jua.

Shida hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1912, huko Gilgandra nchini Australia, kijana Arthur Clifford Howard alitaka kulima bila kushindilia udongo kama plau inavyofanya. Akatumia mashine ya baba yake kuzungusha visu ardhini. Mwanzo udongo uliruka ovyo pembeni, mpaka alipotumia visu vilivyopinda kama herufi L. Mwaka 1920 akapata hataza. Visu vya namna hiyo ndivyo mnavyoviona leo kwenye pawatila. Lakini tahadhari: pawatila nayo, ikilima kina kimoja miaka yote, huweka tabaka lake chini ya visu, na udongo wa juu husagika kama unga.

Basi tufanye nini? Kwanza, pima. Chimba shimo la kina cha sentimita 40, shika kisu, choma ukuta wa shimo kutoka juu kwenda chini. Pale kisu kinapokataa kuingia, kisha chini yake kikaingia tena, ndipo lilipo tabaka. Pima kina chake kwa rula.

Pili, lipasue. Wenye maksai wanaweza kutumia ripa, chuma kama kidole kinachofungwa kwenye mti wa plau ya kawaida. Ripa moja inayojulikana sana ilibuniwa Magoye, Zambia. Haigeuzi udongo, hupasua mstari tu, na hapo ndipo unapopanda. Pasua mara baada ya mavuno, udongo ukiwa mkavu na maksai wangali na nguvu. Ukipasua udongo umelowa, chuma kitapita kama kisu kwenye siagi, na tabaka halitavunjika. Asiye na maksai achimbe kwa jembe mashimo ya kupandia yenye urefu wa sentimita 30, upana 15 na kina 20, au zaidi kidogo mpaka tabaka livunjike.

Tatu, panda mbaazi au ngwara pamoja na mahindi. Mizizi ya mbaazi huenda chini sana, na ikioza huacha njia za maji. Wakulima wa Arumeru na Karatu wamefanya kazi hii ya kupasua na kufunika udongo kwa mimea, nao ni wakulima kama ninyi.

Sitawadanganya: usipogeuza udongo, magugu huwa mengi miaka ya mwanzo, na palizi lazima iwahi. Kwa hiyo anza na robo ekari, ulinganishe na sehemu nyingine. Ripa moja yaweza kununuliwa na kikundi.

Yule mama alianza na robo ekari hiyo hiyo. Lakini kabla ya kununua mfuko mwingine wa mbolea, alichimba shimo kwanza. Nanyi fanyeni hivyo.