Mtoto yuko Digodigo, mtaalamu wake yuko Tengeru

Tengeru na Digodigo ziko mkoa mmoja wa Arusha, na kwa anayepanga mafunzo ya walimu akiwa ofisini Dodoma hilo laweza kuonekana linatosha. Tengeru kuna Chuo cha Ualimu Patandi, ambacho nchi nzima inakitegemea kuandaa walimu wa elimu maalumu. Digodigo iko tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, katika bonde la Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi. Ukitoka Arusha unafika Mto wa Mbu, unaiacha barabara ya Karatu, unashika ya Selela na Engaruka, unapita chini ya Ol Doinyo Lengai hadi Engaresero karibu na Ziwa Natron, ndipo unaanza kupanda kuelekea Sale. Ni zaidi ya kilomita 200. Semina ya siku mbili mjini humla mwalimu wa huku siku nne.

Watanzania wengi walilisikia bonde hili mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ndefu kwenda Samunge, jirani na Digodigo, watu wakanywe kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kumbe njia hupitika watu wakiwa na sababu.

Sababu ya safari hii basi iwe mtoto wa darasa la kwanza. Nyumbani kwao wanazungumza Kisonjo, Kiswahili anakutana nacho shuleni. Anaitwa, hageuki. Anaulizwa swali, anatabasamu. Mwalimu ana darasa zima mbele yake na dakika zake za kipindi zinahesabika, hivyo anahitimisha haraka: huyu ni mzito. Pengine mtoto hajaielewa lugha tu. Pengine ana sikio linalotoka usaha tangu hajaanza kutembea vizuri, na kusikia kwake kumepungua kidogo kidogo bila mtu kujua. Au kweli ana ulemavu wa akili. Kwa kumtazama tu, watoto hawa watatu wanafanana. Kinachowatenganisha ni mwalimu aliyefundishwa namna ya kutazama.

Na namna yenyewe haihitaji maabara. Mwalimu anasimama nyuma ya mtoto, asimwone midomo, anamwita kwa sauti ya chini. Kisha anamwomba mwenzake anayejua Kisonjo amtume kitu kwa lugha ya nyumbani. Akitii kwa Kisonjo na kubaki ameduwaa kwa Kiswahili, tatizo ni lugha, naye anahitaji muda na picha. Asipogeuka kwa lugha yoyote, atazamwe masikio na kupelekwa kituo cha afya. Wakati anasubiri huduma, akae mbele, sikio linalosikia vizuri likiwa upande wa mwalimu, na mwalimu aache kuongea huku ameelekea ubaoni. Anayenakili daftari la jirani badala ya ubao naye asiitwe mwizi wa majibu kabla hajapimwa macho. Ngorongoro ni miongoni mwa wilaya ambako trakoma, ugonjwa wa macho, imekuwa ngumu kuisha.

Haya ndiyo ninayoyaita elimu maalumu ya kwanza, na mwenye kuyahitaji ni mwalimu wa kawaida, yule asiyewahi kufika Patandi na pengine hatafika. Mipango yetu kwa muda mrefu imemwangalia mwingine: mtaalamu mmoja anayeondoka, anasoma, anarudi na cheti.

Mtaalamu huyo simdharau hata chembe. Patandi mwalimu huchagua eneo lake, liwe uziwi, kutoona au ulemavu wa akili, na kazi inayomngoja si ya mchezo. Tazama anayejifunza kuandika nukta nundu kwa kibao na kalamu ya kutoboa. Anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ameigeuza, kwa sababu karatasi itasomwa upande wa pili ambako vinundu vimejitokeza. Herufi zote zinatoka kwenye nukta sita tu. Ukiteleza nukta moja, mtoto atasoma neno jingine kabisa. Mashine ya Perkins, yenye vitufe sita na kitufe cha nafasi, hupunguza mateso hayo, lakini si kila shule inayo. Ujuzi wa namna hii hauwezi kupatikana kwenye kikao cha Ijumaa mchana. Chuo lazima kiwepo, na vyuo vikuu pia: pale Magamba, Lushoto, chuo cha kumbukumbu ya Askofu Sebastian Kolowa kilipoanza mwaka 2007, elimu maalumu ilikuwa ndiyo kazi yake kubwa.

Shida huanza cheti kikishapatikana. Shule ya kijijini haina kitengo cha wasiosikia, hivyo mtaalamu wa viziwi anapangiwa Hisabati darasa la sita kwa sababu ikama imepungua. Anaombwa azibe pengo, anaziba, na mikono yake inasahau alama. Mwenye bahati anapata uhamisho kwenda mjini kwenye kitengo. Mzazi wa Digodigo anabaki na mambo mawili: ampeleke mtoto wa miaka saba bweni la mbali, kwa watu wasiojua Kisonjo, au abaki naye nyumbani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake. Haki hiyo inaangukia kwa mwalimu wa zamu siku hiyo.

Serikali inayo njia ya kumfikia, nayo ni MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Walimu wanakutana shuleni kwao, wanachambua somo lililowashinda, wanasaidiana, kisha shule jirani zinakutana kwenye klasta. Moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania zinapatikana mtandaoni. Wazo ni zuri kuliko semina za posho tulizozizoea. Ila moduli inataka simu nzuri na bando, na bando mara nyingi linatoka mfukoni mwa mwalimu. Tena kikao cha walimu peke yao kina mpaka wake: kama hakuna aliyewahi kumfundisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, watabadilishana kutojua.

Mafunzo ya ngazi kwa ngazi nayo, kutoka taifa kwenda mkoa, wilaya hadi kata, yana tabia ya maji ya mfereji: shamba la juu hushiba, la mwisho hupata unyevu. Wasonjo, ambao kilimo chao chote kimesimama juu ya mifereji, hawakuliacha jambo hilo lijiendee. Wana wazee wa maji, wenamiji, na zamu zinazojulikana. Idara ya elimu ingewaiga ingepata faida.

Zamu hiyo ingekuwa hivi. Wilaya imtoe mwalimu mmoja aliyesomea Patandi kwenye zile Hisabati za darasa la sita, apewe pikipiki na shule za kata chache tu, Digodigo ikiwamo, na kila muhula akae siku tatu katika kila shule. Mafuta yasitoke kwenye ruzuku ya uendeshaji. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 ruzuku imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 6,000 kati yake ikitumwa shuleni, nayo inagombaniwa tayari na chaki, mitihani na ukarabati. Siku ya kwanza akae nyuma ya darasa bila kusema. Ya pili awapime wale ambao walimu wamewataja, na wale ambao hakuna aliyewataja. Ya tatu aingie kwenye kikao cha MEWAKA na majina mkononi, wapange nani akae wapi, nani apelekwe kituo cha afya wiki hiyo, na mwalimu yupi atazungumza na mzazi kwa Kisonjo.