Kutembea Milimani Pamoja na Mbwa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wenzangu wengi hapa shuleni hunicheka nikiwaambia kwamba wakati wa likizo jambo ninalolipenda kupita yote ni kutembea milimani na mbwa. Husema kuwa kazi ya mbwa ni kulinda nyumba. Siwalaumu. Lakini sisi tuliozaliwa katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto, twajua kuwa njia za huko ni nyembamba na ukungu ni mwingi, na mwenzi anayesikia na kunusa kuliko mtu ni msaada mkubwa. Ila mwenzi huyo hana kinywa cha kusema, "Nimechoka," wala "Nina kiu." Anayemchukua hana budi kumfikiria. Mimi sikulijua jambo hili mpaka siku nilipokaribia kumwua mbwa wa babu yangu, nami naeleza habari hiyo ili wengine wasifanye kosa kama langu.

Mbwa huyo jina lake Subira. Katika likizo ya Desemba babu alinituma nimpelekee shangazi maharagwe huko Mazinde, chini ya milima. Kwetu ni karibu na Irente, ambako ukisimama juu ya jabali waona nchi tambarare na mashamba ya mkonge yametandazwa huko chini kama mkeka. Njia ya miguu hushuka kiasi cha mita 1,000. Babu aliniambia, "Mjukuu wangu, ondoka alfajiri, na mbwa mwache." Sikumsikiliza. Nililala mpaka jua likapanda, nikaondoka saa nne, na Subira akanifuata. Nami nikafurahi kupata mwenzi.

Mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Subira alitangulia, akarudi, akatangulia tena. Lakini kila tulivyoshuka joto lilizidi, na miti ikapungua. Kiasi cha saa sita na nusu nilimwona anahema kwa nguvu, ulimi umemtoka nje na kuwa mwekundu sana, na mate yake mazito. Nikadhani ni desturi ya mbwa tu. Maji niliyochukua nilikuwa nimekwisha kunywa peke yangu. Mara akapepesuka kama mlevi, akatapika, akaanguka. Nilimwita, hakuinua hata sikio.

Kwa bahati njema alitokea mzee mmoja aliyekuwa akirudi kutoka shambani. Nilimwamkia, naye baada ya kuitikia akasema, "Mbebe upesi, twende kijitoni." Tulimlaza kivulini, tukammwagia maji tumboni, kwapani na miguuni, huku mzee akimpepea kwa jani la mgomba. Nilipotaka kumtia maji kinywani kwa nguvu alinikataza, akasema yataingia mapafuni. Baada ya muda mrefu Subira alifumbua macho, akalamba maji kidogo mwenyewe. Yule mzee akaniambia, "Kijana, mbwa hatakuambia kuwa ameshindwa. Atakufuata mpaka afe." Maneno hayo sitayasahau.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Baiolojia sababu yake, naye alinieleza hivi. Mtu hutoka jasho mwili mzima, na jasho likikauka humpoza. Mbwa hana njia hiyo, maana jasho lake ni kidogo sana, nalo hutoka katika nyayo tu. Yeye hujipoza kwa kuhema, yaani maji ya ulimini na kooni hukauka na kuondoa joto. Kwa hiyo mbwa asipopata maji ya kunywa, hata kuhema hakumfai. Joto la mwili wa mbwa mzima ni nyuzi 38 hadi 39 hivi, likifika 41 maisha yake yamo hatarini. Tena, mtu akishuka mlima, kila mita 1,000 joto la hewa huongezeka kiasi cha nyuzi 6. Basi mimi nilimtoa Subira katika baridi aliyoizoea, nikamtia katika nchi ya joto, wakati wa jua kali, bila maji. Ingekuwa ajabu kama asingeanguka.

Sasa nitataja mambo yampasayo kila anayetaka kutembea milimani na mbwa.

Kwanza ni saa ya kuondoka. Yafaa kuondoka kabla ya jua kuchomoza, kupumzika wakati wa adhuhuri, na kuendelea jua likipungua nguvu. Ukitia shaka juu ya joto la ardhi, weka kiganja chako chini. Kama huwezi kuvumilia, mbwa naye hawezi, maana yeye hana viatu.

Pili ni maji. Chukua maji yako na ya mbwa, pamoja na bakuli dogo, umpe kidogo kidogo kila mnapopumzika. Usingoje mpaka ahangaike.

Tatu ni miguu. Mawe makali na miiba hupasua nyayo. Kila mkifika mahali pa kupumzika, mwinue mguu mmoja mmoja, uangalie katikati ya vidole. Jioni mpekue masikioni na shingoni utoe kupe. Viroboto navyo ni hatari. Wazee wa wilaya yetu wakumbuka ugonjwa wa tauni ulioingia Lushoto mwaka 1980 na kuua watu wengi kwa miaka mingi. Tauni huenezwa na viroboto vya panya, na mbwa anayefukua mashimo ya panya aweza kuvileta nyumbani. Kwa hiyo asilale ndani pamoja na watu.

Nne ni kamba. Mbwa mwema nyumbani aweza kuwa mkorofi njiani. Mkikutana na mbuzi, ng'ombe, watoto au mbwa wengine, mshike kwa kamba. Na tusisahau adabu. Huku kwetu Waislamu ni wengi, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Mtu aendaye kuswali akiguswa nguo, umempa taabu. Nilipofika kwa shangazi nilimfunga Subira mbali, chini ya mwembe, ndipo nikapiga hodi. Hakuna jirani aliyenung'unika.

Tano, nalo ni kubwa kuliko yote, ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili zake kwa mtu, karibu kila mara huua. Lakini waweza kuzuiwa. Mbwa apelekwe kwa Bwana Mifugo akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha achanjwe tena kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akadungwe sindano za chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa, wala asitie majani au mafuta. Chanjo hii si jambo geni, kwani mwaka 1885 Louis Pasteur huko Ufaransa alimpa mtoto aliyeumwa na mbwa, naye akapona.

Sita, kuna mahali ambapo mbwa haruhusiwi kabisa, nako ni katika hifadhi za taifa. Wengine hudhani hii ni sheria ya kuonea watu, kumbe sivyo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliona kuwa asili yake ni mbwa wa vijijini. Kutoka Mtae, upande wa kaskazini wa milima yetu, twaiona hifadhi ya Mkomazi huko chini. Humo hutunzwa mbwa mwitu, wanyama waliobaki wachache duniani. Mbwa wetu mmoja mgonjwa aweza kuwamaliza.

Nikirudi kwenye habari yangu, nililala kwa shangazi, na kesho yake tukaanza kupanda kukiwa bado na giza. Tulipumzika mara nyingi, na maji nilimpa Subira kabla yangu. Tulipofika nyumbani nilimweleza babu mambo yote bila kuficha. Nilidhani atanichapa. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akasema, "Jina nilimpa yeye, kumbe ningekupa wewe." Kisha akaniagiza nimpikie Subira ugali.

Basi ndugu wasomaji, msiache kutembea milimani, maana kuna hewa safi na mengi ya kujifunza. Nanyi wazazi, tafadhalini wapelekeni mbwa wenu wakachanjwe. Atakayemchukua mbwa na akumbuke kwamba amechukua dhamana. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.